Tezi ya Mwalimu

Mtu aliyefundisha nusu ya Gisenyi kwamba hasira ni kemikali tu alikimbiwa na mke wake kwa sababu ya hasira. Naanza hapo kwa makusudi, kwa sababu majirani zetu wa mtaa wa Nengo wakimtaja huanza na sifa: alifundisha biolojia sekondari mpaka akastaafu, amewaposea vijana wengi, amesuluhisha ugomvi mwingi. Yote ni kweli. Lakini mwaka niliomjua kwa karibu zaidi alikuwa na haja moja tu, Madamu arudi nyumbani, na katika haja hiyo elimu yake yote ilimfaa kama kofia inavyomfaa anayeumwa tumbo.

Tulimwita Mwalimu, kana kwamba mji mzima haukuwa na mwingine. Mke wake tulimwita Madamu, kwa kuwa naye alifundisha, Kifaransa, shule ya msingi, na alikuwa na ile sauti ambayo hata mbuzi wakiisikia hupanga mstari. Watoto wao wako Kigali. Nyumba yao na yetu zinatenganishwa na ua wa miti tu, kwa hiyo mengine ninayoyasema niliyaona na mengine niliyasikia bila kukusudia, ingawa sikumbuki kuziba masikio.

Salamu yake ilikuwa mtihani. Kwetu watu husalimiana kwa kukumbatiana, na kila mtu ana kipimo chake. Wasiopendana hugusana mabega na kuachana upesi, kama walioshika sufuria ya moto. Mwalimu alishika na hakuachia. Ulitaka kutoka, yeye akakuambia begani, kwa utulivu wa daktari wa sindano: "Bado. Haiyashuka."

Isiyokuwa imeshuka ni oksitosini, homoni ambayo, kwa maelezo yake, hutoka ubongoni mtu akishikwa vizuri, na ikishashuka mtu hawezi tena kukuibia wala kukusengenya. Nimewahi kumwona amemshika hivyo mama mmoja mchuuzi wa kuvuka mpaka kwenda Goma, kitunga cha nyanya kichwani, na mama wa watu akilia: "Mwalimu, niache, barrière iko na mustari!"

"Barrière itakungojea, mama. Oksitosini haingojeake."

"Bon, basi hiyo oksitosini yako inibebee kitunga!"

Alipomwachia, mama aliondoka anacheka. Mwalimu akanigeukia: "Umeona? Amecheka." Mimi nilidhani amecheka kwa kuwa amefunguliwa. Hata mfungwa hucheka mlangoni.

Dawa hiyo hiyo aliitumia kwenye usuluhishi. Wanawake wawili wa mtaa wetu waligombana juu ya maji ya mvua, ya nani yameelekezwa kwa nani, na mkubwa wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa, ambaye hakutaka lawama, akawapeleka kwa Mwalimu. Aliwasimamisha uani, jua la saa nane, akawaambia wakumbatiane mpaka aseme. Kisha akakaa kivulini akinywa chai. Walianza wakiwa wagumu kama milango. Baadaye mmoja akaegemea, mwingine akaegemea pia, na mwishowe wakapatana kwa sauti moja. Mtaa mzima ulisifu homoni. Niliposema huenda ni jua, mama yangu aliniambia nisome lakini nisizidishe.

Msemo wake mkuu ulikuwa huu: "Mutu haiko mubaya. Iko na maji mubaya ndani." Homoni zote aliziita maji. Kwake mtu ni chupa tu, na tabia ni kile kilichomiminwa. Mkuu wa shule aliyefokea walimu asubuhi: kotisoli, homoni ya msongo, hajalala. Kijana aliyenunua viatu vyeupe ili apite mbele ya nyumba ya msichana mmoja kwenye tope la Aprili: testosteroni, asilaumiwe. Siku za mpira alikwenda kwenye kilabu mchana kutazama watazamaji. Timu ikishinda alinionyesha kwa kidevu wanaume waliokuwa wamekaa tu kwenye viti, sasa wanatembea viwiko nje kama wamebeba ndoo mbili. "Angalia. Hakuna hata moja alipiga mupira. Ariko maji imepanda kama njo wao walifunga goli." Hapo, pamoja na ile ariko yake, lakini ya Kinyarwanda, nakiri alikuwa sahihi. Jambo la kuudhi kwa Mwalimu ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi, na kila alipopatia jambo dogo alijipa ruhusa ya kueleza jambo kubwa.

Mimi nilirudi kutoka chuo kikuu huko Huye na shahada ya saikolojia na ule ugonjwa unaoambatana nayo wa kusahihisha watu mezani. Nilimwambia oksitosini si asali. Homoni hiyo hiyo inayomfanya mtu awashike walio wake inaweza kumfanya amtazame mgeni kwa jicho kali zaidi. Nilitegemea ubishi. Akapiga paja. "Ndiyo! Ni kama mukubwa wa mudugudu. Iko anajua batu yake tu, wengine anawaomba kitambulisho." Kisha akaitumia sentensi yangu harusini bila kunitaja, ikapigiwa makofi.

Harusi ndiyo ilikuwa kanisa lake. Familia ikienda kuposa, inahitaji msemaji mwenye ulimi, atakayebishana na msemaji wa upande wa pili kwa mafumbo na kusaba, yaani kuomba msichana, kwa upole mpaka apewe. Mwalimu alitafutwa mpaka Musanze. Wenzake walisifu ng'ombe na ukoo. Yeye alisimama, akarekebisha koti, akasema: "Hawa watoto wawili kwa sasa hawana akili timamu. Musiwaulize kitu. Sisi ambao maji yetu imelala njo tuulizwe." Watu walikufa kwa kicheko, bibi harusi akatazama chini, shangazi zake wakatazamana. Akinogewa aliingia kwenye ubongo, akashuka kwenye mishipa, na alipokuwa anakaribia sehemu ambazo hazitajwi mbele ya wakwe, mkono ulitoka safu ya wanawake ukavuta ncha ya koti lake. Ulikuwa wa Madamu. Alikaa nyuma yake kila harusi kwa kazi hiyo. Mwalimu alimalizia sentensi palepale, kama redio iliyokatiwa umeme, na watu wakadhani ni ufundi.

Sasa, mtu anayesema mapenzi ni maji, utategemea aishi kama bomba. Haikuwa hivyo. Kila asubuhi alitoka kununua mandazi ya Madamu kwa yule mama wa kona, akidai ni yake, na yeye hali mandazi. Jioni za mazoezi ya kwaya alipita kanisani "kwa bahati", na bahati hiyo ilimkuta pale wiki hadi wiki, amesimama chini ya taa, anajifanya anasoma tangazo lile lile la mafungo ya vijana. Nilimuuliza siku moja, hiyo nayo ni homoni gani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anavaa nguo gani za ndani.

"Ile ni mazoea," akasema.

Homoni zilikuwa za watu wengine. Nengo nzima ilikuwa chupa, yeye peke yake alikuwa mtu.

Halafu akaanza kubadilika. Alikonda, na alikuwa anakula kuliko zamani. Alifungua madirisha usiku na mchana, hata ile baridi ya ziwani inayopanda wakati wa mvua, na Madamu akawa anakaa sebuleni amejifunga kitenge juu ya sweta. Mikono ilimtetemeka akishika kikombe. Macho yakawa makubwa, ya mtu aliyeshtuliwa na jambo ambalo sisi hatujaliona. Na alifoka. Alimfokea dereva wa moto, pikipiki ya abiria, aliyesimama mbali na lango, akamfokea aliyesimama karibu. Alivuka ua wetu siku moja kumfokea baba yangu kwamba adhana ya simu yake iko juu, na baba yangu, ambaye ukoo wake umeuza vitambaa mji huu tangu hakujawa na lami, alimwambia tu: "Karibu chai, Mwalimu." Akafoka kuhusu chai.

Mtaa ulitoa uchunguzi wake, kama kawaida yake, bila kumgusa mgonjwa. Ni kustaafu, mwanaume akikosa pa kwenda asubuhi huharibika. Ni ndugu zake wa Goma, wamemfanyia kitu. Ni shetani, alisema mama wa kwaya. Ni uzee, alisema baba yangu, ambaye ni mkubwa kwake. Mimi nilisema ni msongo wa mawazo, kwa sababu hicho ndicho nilicholipiwa karo kusema. Mwenyewe tulipomuuliza alijibu: "Ni msimamo. Zamani nilikuwa navumilia ujinga, sasa nimechoka." Mtu aliyeona homoni kwenye viatu vya jirani hakuiona kwenye mkono wake mwenyewe uliokuwa unamwaga chai.

Kilichomwondoa Madamu kilitokea mchana wa Jumapili, nyumbani kwao, mbele ya wageni wa kanisa na sisi majirani. Mwalimu alikuwa anasimulia siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, jinsi alivyokuwa mtulivu na maneno yakimtoka kama maji ya bomba. Madamu, anapita na sahani ya sambaza, dagaa wa ziwani, akacheka: "Wewe? Ulimwaga maziwa kwa suruali ya baba." Tulicheka wote. Ulikuwa utani wa mume na mke, wa kila siku.

Mwalimu akasimama. "Ningejua utanicheka kwa batu," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "ningechukua mudogo yako."

Huyo mdogo wa Madamu alikuwa palepale, amekuja kutoka Nyakiriba na gunia la karoti, amekaa karibu na mlango.

Madamu aliweka sahani mezani. Aliendelea kuhudumia, akawauliza wageni kama pilipili imetosha, akawasindikiza, akaosha vyombo vyote, akavifuta, akavipanga. Kesho yake asubuhi alipanda moto na begi moja mpaka kwa kaka yake, Nyakiriba, nyumba aliyozaliwa.

Kwa wenzetu wa mila ya Kinyarwanda jambo hili lina jina na lina njia yake. Mke akiondoka kwa hasira akarudi kwao, hajaachika. Anangoja. Ni wajibu wa mume kumfuata, na haendi peke yake wala mikono mitupu: anakwenda na wazee na kinywaji, anakaa mbele ya wakwe, na anasema kwa kinywa chake mwenyewe alilokosa. Akishasema, wakwe wanamtukana kidogo, wanakunywa, mke anabeba begi. Ni desturi rahisi. Ugumu wake wote uko kwenye sentensi moja.

Mwalimu, aliyewasemea wengine sentensi zao kwa miaka, hakwenda. "Atarudi," aliniambia kwenye ua. "Ni kotisoli. Ikishuka atarudi." Miezi ikapita. Kotisoli ya Nyakiriba ilionekana kuwa na akiba. Yeye aliishi kwa chapati za dukani na sahani alizotumiwa na mama yangu, alizozirudisha bila kuziosha, na hiyo kwa mama yangu ilikuwa dalili mbaya kuliko macho.

Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, wote tukiwa tunazibua mtaro, alianguka na jembe mkononi. Moyo ulikuwa unakimbia mpaka unauona shatini. Tulimpeleka hospitali tukidhani tunapeleka ugonjwa wa moyo. Daktari, msichana wa rika langu, alimtazama macho, akamwambia anyooshe mikono, akamshika shingo na kumwambia ameze mate. Wakachukua damu. Majibu yakawa ni tezi, ile iliyo mbele ya shingo: ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi na kumwaga homoni zake mwilini na ubongoni kama mtu aliyesahau kufunga bomba. Joto, kukonda, kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za karibu. Yote.

Sijawahi kuona mtu akifurahia ugonjwa namna ile. Alinishika langoni, salamu ndefu kuliko zote. "Umesikia, mwana? Haikuwa mi! Ilikuwa tezi!"

Vidonge vilimtuliza polepole. Akafunga madirisha. Akamwomba baba yangu radhi ya adhana, kwa maelezo marefu yenye mchoro. Na Nengo, ambayo haijawahi kuacha udhuru mzuri upotee, ikapata dini mpya. Dereva wa moto akimkanyagisha abiria dimbwi: "Pardon, mama, ni tezi." Mume aliyepitiliza kilabuni alimwambia mkewe tezi. Fundi cherehani aliyechelewesha nguo za sikukuu alijigusa shingo kabla mteja hajafungua kinywa. Kwa wiki kadhaa mtaa wetu haukuwa na mkosaji hata mmoja. Tulikuwa wagonjwa watupu, wenye afya nzuri.

Mimi sikutulia. Tezi ilikuwa ya kweli, niliona mikono kabla na baada. Lakini nilikuwa nimesoma kidogo, na mtaani kwetu kuna mama mwenye shingo iliyovimba tangu nikiwa mtoto, anatoka jasho, anatetemeka, na analia akiona harusi za watu asiowajua. Hajamtukana mtu. Maji yale yale, basi, chupa tofauti. Nilimwambia Mwalimu hivyo. Hakusikia, alikuwa anapanga safari ya Nyakiriba kumfuata Madamu.

Ndipo aliponieleza kwa nini na mimi niende. Baba yangu angeongoza msafara, kwa kuwa ni mzee na anaheshimika. Mimi ningekuwa shahidi wa sayansi.

"Shahidi wa nini?"

"We umesoma ubongo. Mashemeji hawataniamini mi, watasema najitetea. We utawaambia haikuwa mi."

Baba yangu, Mwislamu wa swala tano, alikubali kusema lakini si kubeba pombe. Kreti ya bia na dumu la pombe ya ndizi nikapewa mimi, kwa kuwa nyumbani wamekwishakubaliana kwamba mimi ni hasara tayari.

Tulipanda Nyakiriba asubuhi kwa gari la kukodi. Walikuwa wanavuna viazi. Mlima mzima ulikuwa na migongo. Kaka yake Madamu, mwanaume mpana aliyefanya biashara Goma miaka mingi, alitukaribisha kwa heshima iliyopimwa, kama dawa. Tulikaa kwenye viti vya mbao sebuleni. Madamu alikuwa upande wa pili, amejifunga kitenge kipya, mdogo wake karibu naye. Hakutukumbatia. Alitupatia mkono, mmoja mmoja, mume wake kama sisi. Mwalimu alibaki ameushika ule mkono kitambo, akautazama ukichukuliwa.

Baba yangu alifungua kwa Kinyarwanda chema, akasifu nyumba, akasifu mvua, akasema mtoto wenu alitoka, tumekuja kuuliza njia. Kaka akajibu kwa mafumbo ya adabu. Kisha Kinyarwanda kikaisha. Kwenye nyumba nyingi za huku, heshima husemwa kwa Kinyarwanda na ukweli kwa Kiswahili.

"Bon," akasema kaka. "Shemeji, tunakusikia."

Mwalimu akasimama. Akarekebisha koti. Nikaona bega lake likijinyoosha kama harusini, nikajua tumekwisha. Alianza na shingo. Alieleza tezi ina umbo la kipepeo. Akaeleza inavyoamriwa na ubongo, na inavyoasi. Akaeleza homoni zikizidi ubongo unavyokuwa kama nyumba yenye moto, kila anayepita anaonekana mwizi. Ulikuwa mhadhara bora kuliko mingi niliyoisikia Huye. Mara mbili nilimwona akinyamaza kidogo na kugeuza kichwa nyuma, kama anayengoja koti livutwe. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Donc," akamalizia, "yule mutu alisema ile maneno, haikuwa mi. Daktari ameona. Na huyu mwana amesoma, atawaambia."

Wote wakanigeukia. Baba yangu akatazama kofia yake.

"Ni kweli?" akaniuliza kaka.

"Ugonjwa ni wa kweli," nikasema. "Ile hasira, kutolala, kutetemeka, vyote vinatoka huko. Hakujifanya."

"Na maneno? Hiyo tezi inasemaka?"

Nilitamani sana kuwa mjinga. "Haisemi. Inapandisha sauti tu, kama redio. Stesheni..." Nikamwona Mwalimu ananitazama, nikaishia hapo.

"Maliza," akasema Madamu. Ilikuwa sauti ile ya darasani. Nikamaliza.

"Stesheni anachagua mwenye redio."

"Yampayinka," akasema mdogo wake Madamu, mshangao wa Kinyarwanda, taratibu. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Shemeji, ile siku nilikuwa nimekaa pale na karoti zako. Sasa nikuambie kitu tezi yako haikukuambia. Hata ungekuja kunisaba mi, ningekataa."

Kaka alicheka kwanza, akajaribu kuzuia, akashindwa. Baba yangu akakohoa ndani ya kofia. Hata Mwalimu uso ulimlegea. Madamu peke yake hakucheka.

"Mwalimu," akasema. "Hiyo tezi ilijua mi niko na mudogo?"

Mwalimu akafunga kifungo cha koti. Madamu akajijibu mwenyewe.

"Haikujua. Ariko sikatae, ulikuwa mugonjwa. Nililala na sweta mwaka muzima, najua ulikuwa mugonjwa. Nikuulize ingine. Mimba yetu ya kwanza ilipotoka, pale ospitali. Muuguzi alikufukuza, saa za wageni zimekwisha. Ukaingia chini ya kitanda, na suti yako. Ukalala pale chini, unanishika mukono kwa pembeni mpaka asubuhi. Ile ilikuwa maji gani?"

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo, na nadhani hata kaka yake hakuijua, kwa sababu aliweka glasi chini. Mwalimu alikuwa bado amesimama. Nilijua jibu lake, angelisema kwa mtu mwingine yeyote kabla hajavuta pumzi. Ni oksitosini. Ina kitabu kizima.

"Ile haikuwa maji," akasema. "Ile ilikuwa mi."

"Vizuri. Na ile ya Jumapili?"

Nje watu wa shamba walikuwa wanaitana kutoka mstari hadi mstari. Mkono wa Mwalimu ulipanda kwenye shingo, ukafika nusu ya njia, akaurudisha chini mwenyewe. Nilitaka kumsaidia na sikuwa na chochote cha kumpa.

"Ile pia ilikuwa mi," akasema. "Nilisema kwa batu ningechukua mudogo yako. Nilisema mbele yake. Nilikukosea, na yeye nilimukosea." Akakaa. Hotuba haikuwa na mwisho mzuri, na hakuna aliyepiga makofi.

Kaka alifungua chupa ya kwanza. Akamtukana shemeji yake kidogo, kama ilivyo haki yake, akimwita kipepeo, na glasi zikaanza kuzunguka. Baba yangu akapewa maziwa. Tulingoja Madamu aingie ndani achukue begi. Aliingia, akatoka amevaa viatu vya mpira vya shambani.

"Ntarudi Nengo," akasema. "Ariko si leo. Viazi haiyaisha, na kaka yangu alinilisha miezi yote hii bila kuniuliza nitatoka lini. Tukimaliza kuvuna, ntarudi. We unaweza kungojea kule. Ama hapa."

Mume anayekwenda kumchukua mke na kubakizwa yeye ukweni ni kichekesho ambacho Nengo ingekila mwaka mzima. Mwalimu alijua hilo kuliko sisi sote. Alimtazama baba yangu, baba yangu akatazama maziwa. Basi akavua koti, akalitafutia pa kulitundika, hakupaona, akanipa mimi.

Tulipoondoka mchana, gari lilipita kando ya shamba. Mwalimu alikuwa ameinama kwenye mstari, suruali imekunjwa, anafukua vibaya, jembe linapita katikati ya kila kiazi kizuri. Madamu alikuwa nyuma yake, anaokota vilivyokatwa na kumwambia jambo, kwa kirefu, kidole juu. Mwalimu akaacha kufukua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha yeye, mwalimu, akauliza swali.